AFYA YA FAMILIA: Homa Iliyorudi Siku ya Kumi na Nne



Ndugu wasomaji, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.T.) aliyetukutanisha tena katika ukurasa huu, na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo tumelichelewesha kwa muda mrefu. Tumelichelewesha kwa sababu kosa lililomo ndani yake ni letu sisi wenyewe, na si rahisi mtu kuliandika kosa lake likapigwa fotokopi na kugawiwa mlangoni mwa msikiti. Jambo lenyewe ni homa impatayo mgonjwa baada ya kutibiwa uvimbe wa ini kwa njia hizi mpya zisizohitaji kupasuliwa tumbo.

Mzee mmoja wa jumuiya yetu, ambaye hatutamtaja jina ijapokuwa yeye na watoto wake wametupa idhini ya kuyaandika haya, aligunduliwa uvimbe katika ini mwishoni mwa mwaka 2022. Hakuwa mgeni wa maradhi ya ini. Alikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B tangu utotoni, kama walivyo wengi waliozaliwa kwetu kabla ya watoto wachanga kuanza kuchanjwa, na kwa miaka kadhaa alikuwa akimeza kidonge kimoja kila siku. Mwishoni mwa Februari 2023 alitibiwa katika hospitali moja ya hapa London, uvimbe ukachomwa kwa sindano. Alilala usiku mmoja tu. Kesho yake alirudi nyumbani kwa teksi, akala wali na mchuzi wa samaki, na watu waliokuja kumwona wakastaajabu: saratani gani hii inayotibiwa kwa tundu dogo kama la sindano ya kushonea gunia?

Usiku wa pili homa ilimpanda. Familia ilikuwa imekwisha kuambiwa kwamba itapanda, kwa hiyo hawakushtuka, na siku ya tano ikashuka kabisa. Siku ya kumi na nne ikarudi.

Hapa ndipo tulipokosea sote. Ijumaa ya tarehe 17 Machi sisi wa safu hii tulikuwa miongoni mwa waliokwenda kumzuru. Tulimkuta amejifunika mablanketi mawili, meno yakigongana. Mmoja wetu alisema kwamba homa ni kafara ya madhambi na asihuzunike. Mwingine alisema bila shaka ni malaria ya Mombasa imemrudia, kwa kuwa mzee alikuwa huko mwaka uliotangulia. Tukasoma Yasin, tukaomba dua, tukanywa chai ya maziwa na mahamri, tukaaga. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza homa ile imeanza lini na imefika nyuzi ngapi. Isitoshe, nyumba ile haikuwa na kipimajoto. Ilikuwa na panadoli, na kila mzee alipopewa vidonge viwili alitoka jasho, homa ikashuka kwa saa chache, na watu wakasema anaendelea vizuri, alhamdulillahi.

Na daktari alikuwa amesema. Siku ya kumruhusu mgonjwa alisema mambo mawili: kwamba homa ndogo ya siku chache ni ya kawaida, na kwamba homa ikiendelea zaidi ya wiki, au ikiisha kisha ikarudi, au ikija pamoja na kutetemeka, wapige simu siku hiyo hiyo. Aliyekuwa akifasiri ni mjukuu, kijana wa miaka kumi na mitano, mwenye adabu na anayempenda babu yake. Alifasiri la kwanza. La pili, ametueleza mwenyewe, aliliacha kwa sababu babu alikuwa akitabasamu naye hakutaka kumtia khofu. Hatumlaumu. Tunajilaumu sisi watu wazima tunaowatwisha watoto mzigo huu, hali hospitali za umma za nchi hii hutoa mkalimani bila malipo, ana kwa ana au kwa simu, kwa mgonjwa atakayemwomba. Aghalabu hatumwombi. Tunaona haya, au tunaona kwamba mkalimani ni mtu wa kwetu na atakwenda kuzieneza siri zetu, na ni afadhali mtoto wa nyumbani.

Binti yake mzee alipiga simu Jumapili kuomba ushauri. Alipoulizwa mgonjwa ana nini, alijibu kwamba ana homa na tumbo linamuuma kidogo. Hakulitaja ini, wala sindano, wala neno saratani, kwa kuwa mzee alikuwa ameketi karibu, na katika nyumba ile, kama katika nyumba zetu nyingi, maradhi hayo huitwa "yale maradhi". Kwa hiyo alipewa jibu apewalo mtu yeyote mwenye homa: maji mengi, panadoli, mapumziko. Na mzee naye alikuwa na lake. Ramadhani ilikuwa inabisha hodi, naye alikificha kitapo cha usiku asije akalazwa na kuukosa mwezi.

Usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 22 Machi, alianza kusema maneno yasiyoeleweka na kumwita kaka yake aliyekufa zamani. Ndipo gari la wagonjwa likaitwa. Picha ya skani ilionyesha kwamba mahali pale pale palipochomwa uvimbe pamekuwa mfuko wa usaha, yaani jipu la ini, na bakteria walikuwa wamekwisha kuingia katika damu yake.

Tangu hapo tumeuliza, tumesoma, na tumemwomba muuguzi mmoja katika ndugu zetu atusahihishe. Tunayaleta tuliyoyafahamu.

Uvimbe wa ini hutibiwa bila kupasua kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni hiyo ya kuchoma. Sindano ndefu nyembamba hupenyezwa katika ngozi, aghalabu ubavuni upande wa kulia, huku daktari akiifuata njia yake kwa altrasaundi au kwa skani. Ncha ikifika ndani ya uvimbe hutiwa joto kwa mawimbi ya redio au ya maikrowevu, mpaka nyama ile ikaiva na kufa. NICE, taasisi inayopima matibabu katika nchi hii, ilitoa mwongozo wake juu ya mawimbi ya redio kwa saratani ya ini mwaka 2003, na juu ya maikrowevu mwaka 2007, kwa hiyo si jambo la majaribio. Njia ya pili ni ya kuziba. Mrija mwembamba kama tambi hupitishwa katika mshipa wa kinena au wa kifundo cha mkono hadi kwenye mshipa unaoulisha uvimbe, hapo humiminwa dawa ya saratani pamoja na chembe za kuuziba mshipa. Ini lina bahati ya kupata damu kwa njia mbili: sehemu kubwa huijia kutoka matumboni kwa mshipa mmoja mpana, na iliyobaki huijia kutoka moyoni kwa mshipa mwingine. Uvimbe hula zaidi katika huo wa moyoni. Ukiuziba huo, uvimbe hufa njaa na ini hubaki hai.

Katika njia zote mbili, kinachobaki ndani ni pande la nyama iliyokufa. Mwili hulila kidogo kidogo kwa miezi, na kazi hiyo ya kusafisha ndiyo iletayo homa ndogo ya siku za mwanzo, uchovu, na maumivu ya ubavu. Hapana kijidudu chochote hapo. Lakini nyama iliyokufa haina damu, na askari wa mwili wetu husafiri kwa damu, na dawa za kuua bakteria nazo husafiri kwa damu. Bakteria mmoja akifanikiwa kuingia kati ya pande lile, ameingia katika nyumba isiyo na mlinzi, yenye joto na chakula tele. Haonekani siku ya kwanza wala ya tatu. Huzaana taratibu, na ndiyo maana jipu aghalabu hujidhihirisha katika wiki ya pili, ya tatu au ya nne, na mara nyingine hata baada ya miezi, wakati ambapo familia imekwisha kusahau.

Huyo bakteria hutoka wapi? Watu hudhani ametoka kwenye sindano chafu. Yawezekana, lakini ni nadra, kwa kuwa vifaa ni vya kutumika mara moja. Kwa kawaida hutoka matumboni mwetu wenyewe. Nyongo hutengenezwa katika ini na kuteremka kwa mirija hadi kwenye utumbo, na mwisho wa mrija mkuu pana mlango mdogo wa msuli unaofunguka nyongo itoke na kufunga ili vya utumboni visipande. Mlango huo ukiwa mzima, mirija ya nyongo huwa safi. Ukiwa umekatwa, au umewekewa mrija wa plastiki au wa chuma, au mrija wa nyongo umeshonewa moja kwa moja kwenye utumbo, bakteria wa utumboni hupanda na kuishi humo kimya miaka na miaka, wala mtu haumwi. Siku ini litakapochomwa au mshipa wake kuzibwa, wanakuwa wamekwisha kufika mlangoni.

Mzee wetu aliulizwa kabla ya tiba kama amewahi kufanyiwa operesheni. Alijibu hapana, na hakusema uongo kwa jinsi alivyolielewa swali. Ilipokuwa wiki ya pili wodini, katika mazungumzo ya kupitisha wakati, mkewe alikumbuka kwamba mwaka 2011 huko Muscat mzee alitolewa kijiwe cha nyongo. Walimlaza usingizi, wakampitisha mpira mdomoni, wakakata kile kimlango na kukitoa kijiwe. Hakupasuliwa, hana kovu, na asubuhi alikwenda zake. Kwake yeye ile haikuwa operesheni. Madaktari walipoyasikia hayo walielewa mara moja. Tunawaomba wasomaji walizingatie hili, kwa maana wengi wetu tumetibiwa Muscat, Nairobi, Dar es Salaam, au tumesafirishwa Bara Hindi, na karatasi zimebaki katika sanduku la shangazi. Ukiulizwa habari za nyongo, taja kila kitu, hata kilichopitia mdomoni. Huenda madaktari wakakupa dawa za kuua bakteria kabla na baada ya tiba, wakakufuatilia kwa karibu zaidi, au wakachagua njia nyingine. Dawa hizo haziondoi hatari yote, lakini mwenye kuijua hatari haishangai ikija. Mwenye kisukari naye aseme, kwani kisukari hudhoofisha ulinzi wa mwili, na katika wazee wetu ni wachache waliosalimika nacho.

Hatutaki mtu aikimbie tiba kwa sababu ya makala haya. Mwaka 2003 madaktari wa Italia walichapisha hesabu ya wagonjwa 2,320 waliotibiwa kwa mawimbi ya redio katika vituo 41. Waliokufa kutokana na tiba walikuwa 6, na waliopata madhara makubwa ya kila aina, jipu likiwemo, walikuwa 50, yaani kama wawili katika kila mia. Uvimbe wa saratani ukiachwa hauna huruma kama hiyo. Mzee wetu mwenyewe, tulipomuuliza kama angeambiwa yote haya kabla angekataa, alitukazia macho na kusema: "Ningekubali, lakini ningenunua kipimajoto."

Basi homa ipi ni ya kungoja na ipi si ya kungoja? Homa ndogo inayoanza katika siku za kwanza na kupungua kila siku ni ya kungoja, maadamu mgonjwa anakula, anakunywa na anazungumza vizuri. Homa ya nyuzi 38 au zaidi iliyopita wiki, au iliyokwisha kisha ikarudi, si ya kungoja hata usiku mmoja. Kitapo, yaani ule mtetemeko ambao mtu hawezi kuuzuia hata akifunikwa, si cha kungoja kiwe siku ya pili au ya arobaini. Vivyo hivyo macho yakiwa manjano, ubavu wa kulia ukizidi kuuma, au maumivu yakipanda hadi bega la kulia. Na tuongeze jambo ambalo hatukulijua: mzee sana, au mwenye kisukari, anaweza kuwa na jipu bila homa kubwa. Mwili huchoka hata kuwaka. Yeye huonekana tu amechanganyikiwa, anahema upesi, hataki chakula, mkojo umekuwa haba, mikono imekuwa baridi. Hapo hapigiwi mtu wa ushauri, inapigwa 999. Panadoli isitolewe kabla ya kupima joto na kuandika namba na saa, kwa kuwa dawa hii huishusha homa na kuliacha jipu lilivyo.

Ama kuhusu kupiga simu, tumejifunza kwamba anayesikiliza upande wa pili hajui ila unachomwambia. Neno la kwanza lisiwe homa. Neno la kwanza liwe kwamba mgonjwa ana uvimbe wa ini na alichomwa, au alizibwa mshipa, tarehe fulani, katika hospitali fulani. Kisha ndiyo homa, nyuzi zake, siku zake, na kitapo. Karatasi ya kuruhusiwa huwa na namba ya simu ya wodi au ya muuguzi wa mgonjwa, na hiyo ndiyo ya kwanza kupigwa. Ikikosekana, 111 hujibu mchana na usiku, na ukilitaja neno Swahili mwanzoni mwa mazungumzo utatafutiwa mkalimani. Mwenye kuona uzito wa kulitaja lile neno mbele ya mgonjwa atoke nje akapige simu ngazini.

Tiba ya jipu lenyewe ni nyepesi kuliko jina lake, ikiwahiwa. Damu huchukuliwa ili bakteria wajulikane, dawa hutiwa mshipani, na kwa kuwa dawa peke yake haifiki kati ya usaha, mrija huingizwa ubavuni kwa msaada wa altrasaundi au skani na usaha hutolewa siku kwa siku. Madaktari wa fani ile ile ya sindano na picha ndio wautiao mrija. Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mafunzo ya fani hiyo yalianza mwaka 2018, na ni jambo la kushukuriwa, lakini katika miji na visiwa vyetu vingi bado haipatikani. Kwa sababu hiyo tunawanasihi ndugu wanaotibiwa hapa wasikate tiketi ya kwenda nyumbani katika wiki za mwanzo kabla ya kumuuliza daktari. Homa ya ghafla Pemba au Lamu kwanza itaitwa malaria, na itatibiwa kama malaria, na siku zitapita. Atakayesafiri baadaye achukue nakala ya barua ya hospitali katika begi la mkononi. Na homa ikimpata hapa London baada ya kurudi, malaria nayo ipimwe, kwa kuwa huua vilevile, lakini habari ya ini isemwe siku hiyo hiyo.

Lipo jambo moja zaidi, nalo halihusu bakteria. Mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B anaweza kuamshiwa virusi hivyo na tiba ya ini, hasa ile ya kuziba mshipa pamoja na dawa ya saratani. Kinachovilaza ni kile kidonge cha kila siku. Tumesikia watu wanaokiacha kwa kudhani kwamba uvimbe ukichomwa maradhi yamekwisha, au wanaogawana vidonge na ndugu aliyeko nyumbani. Kisiachwe ila kwa neno la daktari wa ini.

Mzee alikaa wodini wiki tatu na siku mbili, mrija ubavuni. Usiku wa kwanza wa tarawehe alilia, hatutaficha. Imamu wa hospitali alimjia kesho yake na kumkumbusha ruhusa aliyopewa mgonjwa katika Kitabu, na kwamba siku zake zinamngojea. Mrija ulitolewa kabla ya Idi, naye Idi aliisali akiwa amekaa kitini, amekonda, kanzu ikimpwaya. Deni la Ramadhani ile alililipa katika siku fupi za Desemba, kwa idhini ya madaktari wake.

Mjukuu ameandika kwa Kiingereza karatasi ya kubandika mlangoni mwa friji: jina la mgonjwa, aina ya tiba na tarehe yake, hospitali, namba za simu, dawa anazomeza, habari za nyongo na kisukari, na nafasi ya kuandika joto asubuhi na jioni. Muuguzi wetu ameipitia. Nakala tupu zitapatikana kwa ndugu wanaogawa jarida hili baada ya sala ya Ijumaa, na akina mama wataziomba kwa walimu wa madrasa ya Jumamosi. Vipimajoto vinauzwa katika kila duka la dawa.